Kupunguza maji katika kiwanda cha karatasi Dar es Salaam: je, tunaweza kufunga mzunguko wote?

MsimamiziWaZamu ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu wa rika habari za kazi.

Mimi ni msimamizi wa uzalishaji katika kiwanda cha ukubwa wa kati kilichoko upande wa Barabara ya Nyerere, kinachotengeneza karatasi ya kahawia kwa ajili ya maboksi na mifuko. Malighafi yetu ni maboksi chakavu, ambayo huletwa na wakusanyaji kutoka Kariakoo, Buguruni na Tandika na hulipwa kwa kilo. Siku ambayo mashine haikutusumbua tunatoa takriban tani 20 za karatasi, na mita kuu huonyesha kuwa kwa siku kama hiyo tumetumia mita za ujazo zinazokaribia 400 za maji safi, yaani mita za ujazo 20 kwa kila tani. Sehemu kubwa hutoka kwenye bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na iliyobaki hutoka kwenye kisima chetu, ambacho maji yake yana chumvi kiasi kwamba wapishi wa kantini wameyakataa.

Mtakumbuka mgao mkubwa wa mwishoni mwa mwaka 2022, ukame ulipopunguza maji ya Mto Ruvu na uzalishaji wa maji ya jiji ukashuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi karibu lita milioni 300. Kipindi kile tulinunua maji kwa maboza, na hesabu iliyofika mezani kwa mhasibu bado inatajwa katika vikao. Kwa kuwa oda za karatasi ya mifuko zimeongezeka tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwezi Juni 2019, hakuna kiongozi anayetaka kusikia tena kwamba mashine imesimama kwa kukosa maji.

Sasa mkurugenzi wetu amerudi kutoka kwenye maonyesho ya mitambo nje ya nchi, ambako ameambiwa kwamba vipo viwanda visivyotoa hata tone la majitaka, naye ameagiza nasi tufanye vivyo hivyo: maji yote yatokayo kwenye mashine yarudi kwenye mashine, na bomba la kutolea nje lizibwe. Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu. Je, jambo hili linawezekana kwa kiwanda kama chetu? Na kama haliwezekani, tuanzie wapi ili kupunguza matumizi bila kuharibu karatasi? Fedha zipo kiasi, lakini si za kununua mtambo mzima mpya.

FundiMstaafu amejibu:

Marahaba kijana wangu. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi kando ya mashine za karatasi, kwanza huko Mufindi na baadaye hapa mjini, na swali lako nimelisikia kwa wakurugenzi zaidi ya mmoja. Nitajibu kwa urefu kidogo kwa sababu jibu la ndiyo au hapana halitakusaidia utakaporudi ofisini kwake.

Anza kwa kumwonyesha hesabu. Rojo linapomwagwa juu ya wavu wa mashine huwa na nyuzi asilimia 0.5 hadi 1 tu, na kilichobaki ni maji. Kwa asilimia 0.5, kila tani moja ya nyuzi inasafiri pamoja na tani 199 za maji. Nyinyi mnatumia mita 20 tu za maji safi kwa tani, maana yake ni kwamba tayari karibu tisa ya kumi ya maji yanayopita kwenye wavu huwa ni yale yale yaliyochuruzika hapo chini na kurudishwa juu na pampu. Kwa hiyo mzunguko wenu haukuwa wazi hata siku moja. Mnachojadili ni ile sehemu ya kumi iliyobaki.

Halafu mwonyeshe mpaka wa chini. Karatasi ikitoka kwenye rola za kukamua ikiwa na ukavu wa asilimia 45, kila tani itakayofika mwisho wa mashine inaacha takriban tani 1.1 za maji yanayopaa kama mvuke kwenye silinda za kukaushia. Maji hayo hayarudi. Ukavu ukiwa asilimia 40 tu, yanayopaa yanafika tani 1.3, na boila inalipa tofauti hiyo kwa mafuta au kuni. Hivyo hata kiwanda kisichotoa tone la majitaka bado kinahitaji zaidi ya mita moja ya maji mapya kwa kila tani, na mkurugenzi asije akafikiri kwamba bili ya maji itakwisha kabisa.

Kati ya 1 na 20 kuna nafasi kubwa ya kufanyia kazi. Umoja wa Ulaya, katika maelekezo yake ya mwaka 2014 kuhusu viwanda vya karatasi, unavitarajia viwanda vinavyochakata karatasi chakavu bila kuondoa wino vitoe majitaka kati ya mita 1.5 na 10 kwa tani. Nyinyi mnatoa karibu mara mbili ya kiwango cha juu cha wigo huo. Kushuka hadi 10 hakuhitaji miujiza, kunahitaji mabomba, matangi na nidhamu.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba maji yatembee kinyume na nyuzi. Nyuzi zinaanzia kwenye pulpa, ambako maboksi huvurugwa, zinapita kwenye machujio, zinafika kwenye wavu, zinakamuliwa na kukaushwa. Maji safi yaingie mwisho kabisa, kwenye mashine, kule yanakohitajika yakiwa safi kweli; yakishachafuka hapo yarudi nyuma kwenye machujio; yakichafuka zaidi yarudi kwenye pulpa; na kama yapo yatakayotoka nje ya kiwanda, yatokee huko nyuma kwenye uchafu mwingi na yasitokee kwenye mashine. Nenda leo kwenye pulpa yenu uangalie ni bomba gani linaijaza. Ukikuta bomba la DAWASA linaingia humo moja kwa moja, umepata pa kuanzia, kwa sababu maboksi yenye gundi, mchanga na pini hayana haja yoyote na maji ya kunywa.

Baada ya pulpa, nenda kwenye mabomba ya kunyunyizia wavu na feliti, yaani kile kitambaa kizito kinachobeba karatasi kwenye rola za kukamua. Huko ndiko maji safi mengi yanakoishia katika mashine za aina yenu, na huko ndiko watu hawaangalii, kwa kuwa maji yenyewe yamejificha nyuma ya mashine na kila mtu amezoea kuyaona yakiruka. Nozeli ya shinikizo kubwa yenye tundu la milimita 1 hutoa karibu lita 2 kwa dakika katika shinikizo la baa 20. Bomba lenye nozeli 33 hivi linatumia zaidi ya mita 90 kwa siku. Tundu likilika hadi milimita 1.4, maji yanayopita yanakaribia kuwa mara mbili, kwa sababu eneo la tundu hukua kwa mraba wa kipenyo chake, na jicho halioni tofauti ya milimita 0.4. Siku mashine imesimama kwa matengenezo, chukua biti ya drili ya milimita 1.2 na uijaribu kwenye kila nozeli. Inapoingia, nozeli hiyo ibadilishwe. Angalia pia kama bomba hilo linatembea kushoto na kulia inavyopasa, kwa sababu kwenye mashine nyingi nimekuta mota ya kulisogeza imekufa zamani, bomba limeganda mahali pamoja, feliti imechimbika mistari, na mafundi wakaongeza shinikizo wakidhani feliti ni chafu.

Mabomba ya shinikizo dogo, yenye matundu ya milimita 2 au 3, hayahitaji maji ya DAWASA. Maji yaliyochuruzika kwenye wavu yakishachujwa nyuzi yanatosha, hasa ukitumia aina ya bomba lenye brashi ndani, ambalo mwendeshaji analizungushia gurudumu la mkono mara moja kwa zamu na uchafu unatoka.

Pampu za vakyumu, zile zinazofyonza maji kwenye karatasi, zikiwa za aina inayotumia pete ya maji kuzibia hewa nazo ni walaji wakubwa. Maji ya kuzibia yakipita mara moja na kumwagwa, ni hasara tupu. Yakusanyeni, myapitishe kwenye mnara wa kupoozea na kuyarudisha. Angalizo kwa mazingira yetu ni kwamba hewa ya Dar ina unyevu mwingi, kwa hiyo msitegemee mnara uyapooze chini sana ya digrii 28, na maji yakipanda joto vakyumu inashuka. Pimeni vakyumu kabla na baada, vinginevyo mtaokoa maji na kupoteza ukavu kwenye rola.

Maji ya mvuke uliopoa ndani ya silinda yarudi boila, na hili sitalieleza zaidi kwa sababu kila mtu analijua na nusu ya viwanda nilivyovitembelea havilifanyi. Kwa karibu tani 2 za mvuke kwa kila tani ya karatasi, mnamwaga maji moto yaliyo safi kuliko ya bomba.

Halafu kuna mipira ya kuoshea sakafu. Weka ndoo ya lita 20 chini ya mpira mmoja uliosahauliwa na utazame saa. Ikijaa kwa sekunde 20, mpira huo ukiachwa wazi kutwa na kucha unamwaga mita 86, yaani zaidi ya mita tatu na nusu kila saa. Fungeni koki za bastola mwishoni mwa mipira yote.

MkemiaWaRojo amejibu:

Mzee wangu FundiMstaafu ameeleza vizuri, nami nakubaliana naye kuhusu mahali pa kuanzia. Ninachotaka kuongeza ni sababu ya kutokwenda hadi mwisho, kwa kuwa agizo la mkurugenzi ni la kuziba bomba, na kuna mambo ambayo hayamhusu fundi wa mabomba.

Maboksi chakavu yakivurugwa huachia vitu vinavyoyeyuka: wanga uliotumika kugandisha matabaka, chumvi, gundi, na madini ya chokaa. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kila tani ya karatasi inaachia kilo 10 za vitu hivyo. Mkitumia mita 20 za maji safi kwa tani, maji ya mzunguko yatakuwa na gramu 0.5 kwa lita. Mkishuka hadi mita 10 yatakuwa na gramu 1. Mkishuka hadi mita 2 yatafika gramu 5, na mkiziba bomba kabisa, mlango pekee wa kutokea vitu hivyo ni karatasi yenyewe, ambayo inaondoka kwenye rola na maji kidogo ya mzunguko ndani yake. Tazama mwenendo wa tarakimu hizo. Kutoka 20 hadi 10 mmeokoa mita 10 kwa kila tani na uchafu umeongezeka mara mbili. Kutoka 4 hadi 2 mmeokoa mita 2 tu, na uchafu umeongezeka mara mbili tena. Mita za mwanzo zinapatikana kwa gharama ndogo, na za mwisho zinalipiwa kwa harufu, kutu na karatasi inayokatika.

Wanga ni chakula cha bakteria, na maji ya mzunguko yenye digrii 35 hadi 45 ni mahali pazuri sana kwao. Kwanza mtaona utelezi kwenye kuta za matangi na chini ya wavu, kisha mabonge yake yataachia na kuingia kwenye karatasi, na kila bonge ni tundu au mkatiko. Baadaye, kwenye pembe ambazo maji hayachanganyiki na hewa haifiki, watakuja bakteria wasiohitaji oksijeni, nao wanatengeneza asidi zenye harufu ya siagi iliyochacha. Harufu hiyo huhamia kwenye karatasi, na mteja anayefungasha chai au unga hataipokea hata ukimpa bure. Asidi hizo huyeyusha chokaa iliyomo kwenye rojo, kalsiamu inaingia kwenye maji, na baadaye inajitokeza kama gamba gumu ndani ya mabomba na kwenye feliti. Dawa za kushikiza nyuzi kwenye wavu nazo hupoteza nguvu, kwa sababu vitu vilivyoyeyuka huzinyakua kabla hazijafika kwenye nyuzi, kwa hiyo bili ya kemikali inapanda wakati bili ya maji inashuka.

Kuna jambo la usalama ambalo ningependa lisomwe mara mbili. Bakteria hao hao hutoa gesi ya hidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo hunuka kama mayai yaliyooza, lakini ikizidi pua hupoteza uwezo wa kuinusa, na mtu hudhani hali imetulia. Tangi la rojo lililosimama tangu Jumamosi mchana hadi Jumatatu asubuhi bila kuvurugwa linaweza kuachia gesi hiyo kwa wingi pale pangaboi linapowashwa au mtu anapoingia kuosha. Kadiri mnavyofunga mzunguko ndivyo hatari hii inavyokua. Kabla ya kupunguza mita hata moja, nunueni kipimo cha gesi, wekeni utaratibu kwamba hakuna anayeingia tangini peke yake wala bila kupima, na matangi yawe tupu au yaendelee kuvurugwa wakati wa mapumziko.

Kuhusu vile viwanda alivyoambiwa mkurugenzi, ni kweli vipo. Kiwanda cha Zülpich nchini Ujerumani, ambacho kama nyinyi kinatumia karatasi chakavu kutengeneza karatasi ya maboksi, kilifunga mzunguko wake. Lakini kiliweka mtambo wa kusafisha maji kwa bakteria ndani ya mzunguko wenyewe, unaokula wanga na asidi kabla maji hayajarudi mashineni. Aliyeziba bomba bila kuwa na mtambo huo hajafanya walichofanya wao.

KakaWaTabata amejibu:

Habari wakuu. Mimi si mtu wa karatasi, ninachimba visima. Je, si rahisi zaidi kuchimba kisima kingine kirefu, au kuvuna maji ya mvua kwenye mapaa, kuliko kuhangaika na nozeli?

MkemiaWaRojo amejibu:

Kaka, ahsante kwa swali. Kisima chao tayari kina chumvi, jambo la kawaida kwa visima vingi vya ukanda wetu wa pwani, na kukivuta zaidi kunaweza kuyavuta maji ya bahari yasogee. Kloridi iliyomo kwenye chumvi hiyo ikikutana na maji ya moto yenye asidi hutoboa hata chuma cha pua, na boila haiitaki kabisa. Maji hayo yaoshe sakafu na yatumike vyooni. Ama mvua, Dar hupata takriban milimita 1,100 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 3,000 litakusanya chini ya mita za ujazo 3,300, ambazo kwa matumizi yao ya sasa ni maji ya siku nane hivi. Ni maji mazuri kwa boila wakati wa masika, lakini hayawezi kuendesha kiwanda.

DadaWaMazingira amejibu:

Ndugu MsimamiziWaZamu, naomba niingie upande wa sheria, kwa sababu hakuna aliyeutaja, na unaweza kukushangaza.

Kutumia maji ya kisima na kutiririsha majitaka kwenye mazingira ni mambo yanayohitaji vibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na kwa Dar es Salaam mamlaka yenu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Upande wa mazingira kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayosimamiwa na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, na viwango vya majitaka chini ya kanuni za mwaka 2007: BOD (oksijeni ambayo bakteria huitumia kuozesha uchafu uliomo majini) isizidi miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni inayohitajika kuuteketeza uchafu huo kwa kemikali) isizidi 60, na chembe zinazoelea zisizidi 100. Mkiwa mmeunganishwa na mfumo wa majitaka wa jiji, zungumzeni na DAWASA, kwa sababu masharti ya kuingiza majitaka kwenye mfumo wao ni jambo jingine.

Kinachoshangaza ni kwamba viwango hivi vinapimwa kwa lita. Mkipunguza maji kwa nusu huku uchafu ukiwa ni ule ule, kila lita inayotoka itakuwa chafu mara mbili, na mtu anayechukua sampuli mlangoni atasoma COD iliyopanda ingawa jumla ya uchafu mnaopeleka mtoni haijaongezeka hata kilo moja. Nimewaona wasimamizi waliookoa maji kwa bidii wakijikuta wanajieleza. Dawa si kurudisha maji safi ili kuyazimua, kwani huko ni kujidanganya na kuulipia udanganyifu wenyewe. Tengenezeni rekodi ya jumla ya uchafu kwa siku, yaani kipimo mara ujazo, mwende nayo kwa wasimamizi kabla hamjaanza, na mwoneshe mpango wa kusafisha.

Majitaka machache yenye uchafu mwingi ni rahisi zaidi kuyasafisha kuliko mengi yenye uchafu mchache, na hapo joto letu la Dar linasaidia. Mtambo wa kumeng'enya bila hewa unafanya kazi vizuri kwenye majitaka ya vuguvugu yenye wanga, na gesi inayotoka inaweza kuchomwa kwenye boila baada ya kuondolewa salfaidi. Baada ya hapo mtahitaji hatua ya hewa ili mfike kwenye COD 60, kwa sababu hatua ya kwanza peke yake haifiki huko.

Tope la nyuzi fupi linalobaki kwenye machujio msilipeleke dampo kabla hamjawauliza watengenezaji wa trei za mayai. Wao hawahitaji nyuzi ndefu.

MsimamiziWaZamu amejibu:

Ninawashukuru nyote, na ninaomba radhi kwa kuchelewa kurudi. Tulisubiri siku ya matengenezo ili tuyaangalie haya mashine ikiwa imesimama, kisha tukaendelea kupima ilipowashwa.

Pulpa ilikuwa kama alivyotabiri Mzee: bomba la maji safi linaingia humo, na waendeshaji hulifungua kwa sababu lina nguvu kuliko lile la maji ya kurudi, kwa hiyo pulpa inajaa haraka. Nozeli za feliti ya pili zilipokea biti karibu zote. Lakini jambo lililotuduwaza lilikuwa kwenye tangi la maji ya wavu, ambalo hakuna aliyelitaja. Tangi hilo lina bomba la kufurikia karibu na mdomo wake, na pembeni lina koki ya boya inayoingiza maji safi kiwango kinaposhuka. Boya lilikuwa limefungwa juu kuliko mdomo wa bomba la kufurikia. Yaani maji hayawezi kufika kwenye kiwango cha kulifunga boya, kwa kuwa kabla ya hapo yanafurika na kwenda kwenye mfereji. Koki hiyo imekuwa ikimimina maji safi usiku na mchana, na yaliyokuwa yanafurika ni maji yenye nyuzi.

Tulichota sampuli kwenye mfereji huo, tukaichuja kwa kitambaa na kuikausha, tukapata karibu gramu moja ya nyuzi kwa lita. Kama majitaka yetu yote yako hivyo, tunamwaga karibu kilo 400 za nyuzi kwa siku, nyuzi ambazo tumezinunua kwa kilo pale getini. Mhasibu, ambaye hajawahi kupendezwa na nozeli, sasa anauliza kila asubuhi tumefikia wapi.

Tumelishusha boya. Swali langu la sasa ni hili: karatasi ikikatika, maji yote ya wavu hurudi kwa wingi na tangi linafurika hata hivyo, kisha mashine ikianza tena maji hayatoshi na tunafungua ya bomba. Je, tufanyeje? Na je, tununue mtambo wa kuelesha nyuzi kwa viputo vya hewa ambao muuzaji anatusukumia?

FundiMstaafu amejibu:

Kijana wangu, hilo la boya nililiona mahali pengine miaka ya nyuma na halikunijia nilipoandika. Vizuri umeliona mwenyewe.

Tatizo la mkatiko linatatuliwa kwa ujazo tu. Jengeni tangi la pili la akiba, liwe na uwezo wa kupokea maji yote yanayofurika wakati wa mkatiko wenu mrefu wa kawaida, na bomba la kufurikia la tangi la kwanza liingie humo badala ya mfereji. Mashine ikianza, pampu ivute kwanza kutoka kwenye akiba, na koki ya maji safi ifunguke tu pale akiba inapokuwa tupu. Saruji itafaa, lakini sakafu yake iwe na mteremko kuelekea kwenye tundu la kutolea na liwe na pangaboi dogo la kuvuruga, vinginevyo nyuzi zitatuama chini na mtakuwa mmejenga lile tangi la gesi alilolizungumzia mkemia.

Kuhusu mtambo wa viputo, ni mtambo mzuri na siku moja mtauhitaji, ila si sasa. Anzeni na chujio la mteremko, ambalo ni wavu mwembamba uliolazwa kwenye fremu. Maji yanamwagwa juu, yanapenya, na nyuzi zinateleza hadi chini kwenye kisanduku na kurudi kwenye pulpa. Mafundi wa Chang'ombe au Gerezani wanaweza kuwatengenezea fremu hiyo kwa chuma cha pua, nyinyi mkanunua wavu peke yake. Litawapa maji yanayofaa kwa pulpa na kwa mabomba yenye matundu makubwa. Mkishafunga chujio, tangi na nozeli, pimeni upya kwa kila bomba na si kwa mita kuu pekee; mita ndogo ya maji wekeni kwenye bomba la mashine, la boila, la pampu za vakyumu na la kuoshea. Hapo ndipo mtakapojua maji yanayohitaji kusafishwa ni mangapi na ya uchafu gani, na muuzaji atakuja na ukubwa wa mtambo unaolingana nayo badala ya ule alio nao ghalani.

Mwambie mkurugenzi lengo la mwaka huu ni mita 10 kwa tani. Mkemia awe anapima COD, kalsiamu na asidi za maji ya mzunguko kila wiki mnavyoshuka, na mahali ambapo karatasi itaanza kunuka au kukatika ndipo mtasimama hadi mtambo wa kusafisha utakapokuwa tayari. Bomba la kutolea msilizibe. Wekeni mita juu yake.

MkemiaWaRojo amejibu:

Naunga mkono. Ongezeni kupima upitishaji wa umeme wa maji, ambao hupanda chumvi inapoongezeka, kwa kuwa kifaa chake ni cha bei nafuu na mwendeshaji anaweza kukisoma kila zamu bila kusubiri maabara. Kikipanda ghafla bila uzalishaji kubadilika, tafuteni kwanza kama kuna aliyefungulia maji ya kisima.